Jike la Mlali na Watoto Wake Saba

Mume wangu alimleta kwenye tenga, nyuma ya baiskeli, Jumamosi moja mchana. Alikuwa fundi mwashi, na siku hiyo ndiyo alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya mtu kule Mlali. Aliegemeza baiskeli kwenye mpapai, akajifuta jasho, akaniita kwa sauti ya mtu aliyebeba siri.

"Mama, njoo uone nilichokuletea."

Nikadhani ni kabichi. Mlali watu wanalima kabichi hasa. Nikaja nafuta mikono kwenye khanga, nikafunua gunia lililofunika tenga. Macho mawili ya njano yakanitazama.

"Mbwa?"

"Mlinzi," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mlinzi mwenyewe alikuwa mbavu tupu, mkia umejificha tumboni, na ndani ya masikio kupe wamejipanga kama mbegu za mbono. Rangi yake ilikuwa ile ya udongo wa barabarani baada ya mvua, nyekundu inayokaribia weusi. Alipotolewa kwenye tenga hakukimbia wala hakubweka. Alitafuta kivuli cha mpapai, akajikunja, akalala.

Lazima niseme kwamba mpaka siku ile sikuwahi kupenda mbwa. Kwa mama yangu mlimani mbwa alikuwepo, lakini alikuwa kama jiwe la uani, hakuna aliyemuuliza amekula nini. Ila tulikuwa na shida. Kiwanda nilichofanyia kazi ya kukagua vitambaa kilikuwa kimefungwa kikisubiri mnunuzi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinafunguliwa na kila kitu kinauzwa. Madukani sabuni ilijaa, sukari ilijaa, mitumba imemwagwa mpaka kando ya reli, na sisi tuliozoea king'ora cha kiwanda tukajikuta nyumbani. Nilisubiri kuitwa wiki mbili. Ya tatu nikachukua jembe. Tulikuwa na shamba la upande wa mama yangu pale Bigwa, mlima unapoanza, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata mama. Nikapanda mahindi, mchicha na nyanya chungu. Nguruwe pori wakashuka wakala mahindi, nyani wakamalizia. Kwa hiyo mume wangu hakukosea. Tulihitaji mlinzi, tena haraka.

Jumatatu jioni alirudi na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Ndani mlikuwa na maji meupe kama tui.

"Dawa ya nyanya," akasema. "Unachanganya kifuniko kimoja kwa ndoo, unamwogesha. Kupe wote wanaanguka. Kila mtu anafanya hivyo."

Ni kweli, kila mtu alifanya hivyo. Zamani dawa kama ile uliipata kwa chama cha ushirika, tena kwa foleni. Sasa aliyekuwa na meza na mwavuli aliweza kukupimia kwenye chupa yako mwenyewe, isiyo na jina wala maelezo. Nikaipokea, nikaiweka juu ya kabati.

Asubuhi nikamfunga yule jike kamba ya katani, nikachukua ndoo na chupa, tukateremka kijitoni. Nilitaka maji mengi. Kabla sijafika nikasikia wanawake wanapiga kelele, si kelele za ugomvi, bali zile za watu walioona kitu. Nikaongeza mwendo.

Kaa wa mtoni walikuwa wamelala chali juu ya mawe. Samaki wadogo, wale wa kidole kimoja, walikuwa wanaelea matumbo juu kwenye kila kidimbwi. Jirani mmoja anayekaa juu yetu alikuwa ameogeshea mbwa wake wawili pale jana jioni. Mmoja alikuwa amelala chini ya mpera, anatetemeka mwili mzima, udenda unamtoka. Tulisimama tukimtazama. Akanyoosha miguu, basi.

"Nilikuwa nimeshabandika maji ya uji," mwanamke mmoja akasema, mtoto mgongoni. "Sufuria nzima! Nimeyamwaga kwa sababu nimesikia harufu tu. Ningekuwa na mafua je?"

Mimi nilikuwa nimeishika ile chupa. Nikaifunika kwa khanga, taratibu, nikajisikia kama mwizi aliyesimama kwenye msiba wa mtu aliyetaka kumwibia. Nikamvuta mbwa wangu, tukarudi nyumbani bila hata kugusa maji.

Siku hiyo hiyo nilikwenda mjini kwa bwana mifugo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja, kabati la kioo halina hata sindano, pikipiki imesimamishwa ukutani kwa kukosa petroli. Wenzake wengi walikuwa wamepunguzwa kazini. Alikuwa peke yake, miwani imefungwa kwa uzi, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Nikaweka chupa mezani.

"Mama, hii umeniletea ninywe?" akauliza.

Nikamweleza yote. Akavua miwani, akaichukua chupa kwa karatasi, akaifungia kwenye kabati la chuma, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Ndipo akakaa.

"Dawa sina," akasema. "Ya kupe sina, ya minyoo nitakutafutia. Lakini nina maneno, na hayo sijakatazwa kuyatoa. Una muda?"

"Kiwanda kimefungwa, bwana mifugo. Nina muda mpaka wa kugawa."

Akacheka. Kisha akaanza, nami nikatoa kalamu. Alisema kupe ana miguu minane na mimi nina vidole kumi, kwa hiyo nimeshamshinda. Nimtoe mmoja mmoja, karibu na ngozi, nimvute taratibu bila kumpasua, nimtumbukize kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Lakini vita yenyewe, alisema, haiko juu ya mbwa. Iko pale anapolala. Kupe anashuka, anataga kwenye nyufa na nyasi ndefu, anasubiri. Fyeka. Anika matandiko juani. Waache kuku wapite. Chakula kipikwe, hasa mapupu na maini ya bucha, maana mle ndani hukaa viini vya minyoo inayotoka kwa ng'ombe kwenda kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa kuja kwa mtoto wako. Mifupa ya kuku usimpe, inapasuka kama sindano. Na kinyesi chake kichimbiwe shimo, mbali na maji, mbali na mchicha.

"Na mchicha una shida gani? Si ni mbolea?"

"Wewe unaula mbichi kwenye kachumbari?"

"Mchicha? Hapana."

"Lakini nyanya unakula mbichi. Na mikono uliyopalilia mchicha unaitia wapi?"

Nikaitazama mikono yangu. Nikaandika: *shimo, mbali*.

Nilirudi kwa miguu kutoka mjini mpaka Bigwa na sikuhisi njia. Sijui nieleze vipi. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimejisikia hivyo, kama mtu aliyepewa kazi mpya na msimamizi anayejua anachosema. Kiwandani macho yangu yalikuwa yamefundishwa kutafuta uzi mmoja uliokatika kwenye kitambaa cha mita arobaini. Kupe angejificha wapi?

Nilianza jioni ile ile. Nilikaa kwenye kigoda, jike kichwa chake mapajani mwangu, kopo pembeni. Mwanzoni alinguruma. Nilipofika sikio la pili alifumba macho. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akatikisa kichwa. "Yaani mimi mgongo unaniuma mwaka wa pili huu, hata siku moja hujaniangalia hivyo."

Baada ya wiki tatu ulikuwa huwezi kuhesabu mbavu zake. Nilimpikia pumba na unga wa dona, vumbi la dagaa linalobaki chini ya magunia sokoni, majani ya maboga, na mapupu ya bucha yaliyochemka mpaka yakalainika. Vyote hivyo vilikuwa vitu vya kutupwa. Muuza dagaa alinipa lile vumbi bure kwa sababu nilikuwa namfagilia meza. Manyoya ya jike yakaanza kung'aa. Siku aliyobweka kwa mara ya kwanza, alimbwekea mume wangu mwenyewe akirudi kutoka kazini, nami nikapiga vigelegele peke yangu uani kama kuna harusi.

Ndipo mama yangu akashuka kutoka mlimani kuja kunisaidia kupanda. Mama ni mtu wa misheni, rozari shingoni, na maneno yake huwa hayana kona. Alimzunguka yule mbwa mara mbili.

"Amenona," akasema. "Mbwa aliyenona hafanyi kazi. Mpe pilipili."

"Mama!"

"Pilipili kichaa, kwenye ugali. Atakuwa mkali. Baba yako alifanya hivyo."

"Na mbwa wa baba alikuwa mkali?"

Mama akafikiri. Yeye hasemi uongo, hata pale uongo unapomfaa. "Alimng'ata baba yako," akasema.

Tulicheka mpaka jike akaja kutuangalia kuna nini. Pilipili haikutajwa tena. Lakini mama alikuwa na ya kwake ya kunifundisha. Nilimwambia kupe wamepungua ila viroboto bado, na kwamba nafikiria kuchemsha utupa, ule mmea unaoota pembeni ya shamba, watu husema unaua wadudu wote. Akanishika mkono.

"Utupa tulikuwa tunavulia samaki. Unautwanga, unautia mtoni, samaki wanalewa, unaokota kwa kikapu. Sasa wewe umeona kaa wamekufa chali, halafu unataka kumwaga utupa hapa juu, mvua iuteremshe bondeni? Chukua mwarobaini. Mchungu, lakini hauna ugomvi na mto."

Tukachemsha majani ya mwarobaini kwenye debe, tukayaacha yapoe, tukamwogeshea uani chini ya mgomba, maji yakanywewa na udongo pale pale. Kila Jumamosi. Jike alichukia harufu ile. Akiliona debe tu, alijificha nyuma ya tofali za mume wangu, na mama alikuwa anamfuata huko anamkaripia kwa Kiluguru kama mtoto mtoro wa shule.

Mvua za masika zilipoanza tumbo lake lilikuwa limeshuka. Baba wa watoto hatukumjua. Mume wangu alimtengenezea kibanda kwa mabaki ya mbao, sakafu imeinuliwa juu ya matofali ili maji yasiingie, nami nikatandika gunia lililoanikwa na nyasi kavu za mchaichai. Akajifungua asubuhi moja, mvua inapiga bati, mlima wote umefunikwa na ukungu kama haupo. Nilikuwa napika chai. Mama ndiye aliyeita.

"Njoo! Njoo, wanatoka!"

Niliacha moto. Tukapiga magoti kwenye tope, mimi na mama, khanga zimelowa, tunachungulia ndani ya kibanda. Wa kwanza alikuwa ameshatoka, mdogo kama kiazi, mama yake anamlamba. Wa pili. Wa tatu. Mama alikuwa anahesabu kwa sauti, kila namba anaipokea kama anapokea mgeni. Wa sita alikuwa mwekundu mtupu. Wa saba akatoka na hakutikisika. Jike alimlamba kidogo, akamwacha, akageukia wengine.

Nilijua nini kitatokea, nikageuza uso. Lakini mama yangu, yule wa pilipili, alitia mkono ndani ya kibanda, akamtoa, akampangusa pua na mdomo kwa ncha ya khanga, kisha akamsugua. Alimsugua mgongo na kifua kwa kipande cha fulana ya mtumba, kwa nguvu, midomo yake inakwenda mbio. Sijui alikuwa anasali au anatukana.

"Mama, ameshakufa."

"Nyamaza."

Akaendelea. Mara kikatoka kisauti, chembamba kama mlango unaolilia mafuta. Mama akapiga ukelele. Nami nikapiga. Mume wangu akatoka ndani mbio na mwiko wa ujenzi mkononi akidhani ni nyoka, akatukuta tumekumbatiana kwenye mvua, kitoto cha mbwa katikati yetu.

"Saba!" nikamwambia. "Saba, wote wazima!"

Akashusha mwiko. "Saba," akasema. "Tutawalisha nini saba?"

Lilikuwa swali la haki. Kwa kawaida watu walibakisha mmoja au wawili, wengine wakawatia kwenye kiroba na kwenda kuwatupa korongoni. Waliopona waligeuka kuwa makundi ya jalalani, wanakula chochote, wanang'ata watu, na mwisho wanapigwa risasi. Nilimwambia mume wangu kwamba hakuna hata mmoja atakayekwenda korongoni, na hakuna atakayekwenda kwa mtu asiyejua kumtunza. Nilisema kwa ukali ulionishangaza mwenyewe. Mama akaitikia, "Amina," na mjadala ukaishia hapo.

Miezi iliyofuata nyumba yetu ilikuwa sherehe. Saba wakikimbia kwa pamoja kwenye uwanja mdogo ni kama mafuriko. Waliiba kandambili, waliangusha ndoo, walilala kwenye karai la mchanga la mume wangu, na yeye badala ya kuwafukuza akatafuta karai lingine. Niliwazoesha kuku mapema, nikiwaweka pamoja na kifaranga mikononi mwangu, nikisema "hapana" mpaka neno likawaingia. Niliwazoesha kwenda haja sehemu moja, kwenye majani nyuma ya migomba. Kila asubuhi nilizoa kwa koleo, nikatia shimoni, juu yake majivu, juu ya majivu majani makavu. Nzi hawakuwepo. Mtu angeweza kula chakula uani kwetu, na watu walikula.

Mahindi yalipokomaa nguruwe walirudi. Jirani yetu wa chini alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa swala tano, mpole, shamba lake limepakana na letu. Tangu mbwa aje, mzee alikuwa akipita njia ya mbali kidogo, anasalimia kwa kunyoosha mkono. Sikuona ubaya. Nilijua ni mate ya mbwa anayoyaogopa, kwa ajili ya udhu wake.

Alfajiri moja, baada tu ya adhana, nikasikia jike anabweka, si ule mbweko wa kuzoea. Nikatoka na panga. Alikuwa ameshavuka mpaka, yuko ndani ya mahindi ya mzee. Mabua yalikuwa yanavunjika, nguruwe wanakoroma, kisha nikawaona, wanne, weusi, wanatimka kuelekea korongoni na jike nyuma yao, na nyuma ya jike watoto wake saba wanabweka kwa visauti vyembamba bila kujua wanabwekea nini. Mzee alikuwa amesimama pembeni ya shamba lake na kanzu na tochi. Akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Jioni baada ya alasiri akaja kwetu. Akasimama kwenye uzio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Dada yangu yupo?"

Mama akatoka, wakasalimiana kirefu, habari za mlimani, za mvua, za magoti. Kisha mzee akakohoa.

"Nimekuja kuomba mtoto," akasema. "Wa mbwa."

Nadhani nilibaki mdomo wazi, kwa sababu alitabasamu.

"Mbwa wa kulinda shamba dini haijakataza. Mimi nilikuwa naona uvivu tu wa mambo ya mate na chombo. Lakini leo nimeona mahindi yangu yamesimama. Niambie namna ya kumtunza. Naona wewe unajua."

Tukakubaliana pale pale. Kibanda kingekuwa shambani, mbali na nyumba na mahali pake pa kuswalia. Bakuli lake liwe lake, halichanganywi na chombo cha binadamu, na hilo kwangu lilikuwa sahihi pia kwa sababu zangu za minyoo. Mzee alichagua yule wa saba, aliyesuguliwa. Mama nilimwona anageuka upande anajifanya anapanga kuni.

Kisha ikaja siku ya chanjo. Bwana mifugo alipata chanjo ya kichaa cha mbwa na tangazo likapita kwa kipaza sauti: kila mwenye mbwa ampeleke kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu walikuja kutoka Kilakala, kutoka Bigwa yote, kutoka juu mlimani. Jamani! Mbwa wamefungwa kamba za katani, minyororo ya baiskeli, tai kuukuu. Wengine walibebwa mabegani kama mbuzi wa kuuzwa. Mmoja alikata kamba, akaingia chini ya meza ya chanjo, meza ikaanguka, watu wakapanda madirishani. Vumbi lilikuwa kama tunajenga.

Sisi tukaingia katikati ya fujo hiyo na wanane wetu. Mume wangu alishika watatu, mimi watatu na mama yao, na mzee jirani alitembea pembeni na wa kwake kwenye kamba ndefu sana, kanzu imekunjwa mpaka magotini. Nikawaambia "kaa." Wakakaa. Wote! Hata mimi sikuamini. Uwanja ule wote wa kelele, na mbwa wanane wamekaa kwenye mstari, manyoya yanang'aa, ndimi nje, wanatazama kama wamekuja kukagua.

Bwana mifugo alitoka kwenye meza yake na bomba la sindano mkononi. Akafunua masikio ya mmoja. Akafunua ya mwingine. Akafika kwa jike, akamwinua mdomo, akatazama fizi.

"Huyu ndiye yule wa chupa?"

"Ndiye."

"Unamwogesha na nini?"

"Mwarobaini."

"Unamlisha nini?"

Nikaanza kumjibu kwa sauti ya kawaida, akanizuia. "Hapana. Panda hapa uwaambie hao."

Akanisukumia boksi la chanjo lililokuwa tupu. Mimi! Kiwandani nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu hata kwenye mkutano wa tawi. Nikapanda. Nikawaambia habari za vumbi la dagaa na mapupu ya kuchemsha. Mtu akauliza kuni zinatoka wapi za kumpikia mbwa. Nikamjibu kwamba natumia makaa yanayobaki nikishapika cha kwetu, chungu kinakaa hapo mpaka kinaiva chenyewe. Mwingine akauliza kama ni kweli nazoa kinyesi. Watu wakacheka. Nikawaambia kuhusu shimo, kuhusu kijito, kuhusu kaa waliolala chali, nikaeleza kwamba na mimi nilikuwa na chupa ile ile mkononi, nilichelewa tu kufika. Kicheko kikakatika. Yule jirani wa juu, ambaye mbwa wake alikufa chini ya mpera, alikuwa amesimama mbele kabisa na yule aliyebaki. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Hayo majani ya mwarobaini," akasema, "ni kiasi gani kwa debe?"

"Njoo nyumbani," nikasema. "Nitakuonyesha."

Alikuja kesho yake asubuhi. Hakuja peke yake. Walikuja watu hata sikuwafahamu, wengine kutaka majani, wengine kutaka watoto wa mbwa. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni akawahoji mmoja mmoja: unakaa wapi, una uzio, bucha liko mbali kiasi gani, nani atabaki naye ukisafiri. Kijana mmoja wa mjini, mwenye miwani ya jua na suruali pana, alimwambia, "Bi mkubwa, mimi nataka dume kali tu, la kutisha watu," akajibiwa kwamba dirisha la ukali limefungwa, apite siku nyingine. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Kilakala alijibu maswali yote, akaongeza moja la kwake: je, anaweza kuja kuuliza akikwama? Huyo alipewa yule mwekundu mtupu, papo hapo, na kifurushi cha mchaichai wa kumtandikia.

Bwana mifugo alikuja wiki iliyofuata kwa baiskeli ya kuazima kuhasi madume, ili mtaa usijae tena watoto wa kutupwa. Kufikia mwisho wa kiangazi tulibaki na jike na binti yake mmoja. Mume wangu alikuwa ameanza kuulizwa vibanda vya mbwa, vile vya sakafu iliyoinuliwa, na kila anapojengea mtu ukuta alibakiza tofali nne kwa kazi hiyo.

Miezi michache baadaye nilikuwa na shughuli upande wa Kilakala, nikapita kwa yule mwalimu bila kutoa taarifa. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Mwekundu alikuwa amekuwa mkubwa, kifua kimejaa, analala kivulini huku kuku wawili wanapekua nyasi karibu na mkia wake. Aliponisikia akainuka, akasita, kisha akaja mbio akanirukia, tope lote kwenye khanga yangu mpya.

"Samahani, dada, samahani!" mwalimu akawa anamvuta.

"Mwache," nikamwambia. Nilikuwa nimeshachuchumaa, nimemshika masikio kwa mikono miwili, namfunua ndani, moja baada ya jingine. Hakuwa na kupe hata mmoja.